Damu Imechoka

Ukienda leo katika hospitali ya misheni iliyo upande wa juu wa Kanyakine, ng'ambo ya mto, utamkuta mwanamke mrefu akipiga deki ukumbini. Jina la hospitali silitaji. Shemeji zangu wawili wanakula mshahara pale, na ugomvi nilio nao nyumbani unanitosha. Msalimu mwanamke huyo kwa Kiingereza uone. Atainamisha kichwa aendelee kukamua tambara lake, na mgonjwa mmoja pale kwenye benchi atakwambia usijisumbue, huyo hakusoma.

Ni uongo. Huyo ni Ntinyari, na katika miaka ishirini na sita ya kushika chaki sijapata mwanafunzi wa Kiingereza kama yeye. Mimi ndiye niliyemfundisha. Naitwa Mwalimu Riungu, na kabla hujasema kwamba najisifu, ngoja nimalize.

Ntinyari alikuwa darasa la sita mama yake alipofariki, baba akamtoa shuleni aangalie wadogo zake. Akaolewa na mchuuzi wa miraa wa Muthara, mtu ambaye siku moja alienda Isiolo akasahau njia ya kurudi. Alibaki na binti mmoja, Kendi, na mwaka 1986 akapewa ufagio hospitalini. Kwa miaka minane alisoma chochote kilichokuwa mbele ya macho yake: vibandiko vya chupa za dawa, matangazo ya ukutani, kadi za Krismasi ambazo masista walizitupa. Aliniambia kwamba alijua kuandika neno la Kiingereza la sumu kabla ya kujua neno la chai ya asubuhi.

Mwaka 1994 nilifungua darasa la watu wazima. Nilikuwa nimestaafu mapema kwa sababu ya maneno niliyomwambia mwalimu mkuu, kwa Kiingereza sanifu, mbele ya mkaguzi. Chama cha kahawa kilinipa ghala lake Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Ubao wangu ulikuwa mlango wa zamani niliopaka unga wa betri zilizokufa. Walikuja watu wanane au tisa: Mwirigi aliyekuwa karani wa chama, askari wa utawala mmoja, mwenye bucha aliyetaka kuongea na mkaguzi wa nyama bila kutetemeka, na Ntinyari, akinukia dawa ya sakafu. Wote walitaka kitu kimoja, kusimama mbele ya wakubwa wasionekane washamba. Nani angewalaumu? Nchi hii ukiomba haki yako kwa lugha ya mama unaambiwa urudi kesho.

Sheria yangu ilikuwa moja. Ukizungumza Kimeru ghalani, unafagia ghala. Mwirigi alifagia sana. Ntinyari hakufagia hata siku moja. "Mwalimu, mimi nafagia mchana kutwa," alinijibu kwa Kiingereza wiki ya pili. "Hapa nimeleta ufagio upumzike." Nilicheka hadi nikaangusha chaki.

Niliwafundisha Kiingereza cha ofisini, kile cha kuvua viatu mlangoni. Usiseme nataka, sema ningeshukuru. Usiseme hapana, sema nasikitika. Nilikuwa na msemo niliourudia kila wiki kwa vile niliona umenipendeza mdomoni: panya huuma huku akipuliza, kwa hiyo nanyi pulizeni kwanza. Askari aliuandika kwenye jalada la daftari lake. Wote waliujua kwa moyo.

Mwanzoni mwa 1995 alikuja daktari mpya kutoka ng'ambo, Dakta Linda, mwanamke mwembamba asiyejua Kimeru wala Kiswahili cha kuombea maji. Muuguzi aliyekuwa mkalimani alikuwa amehamia Embu. Siku moja daktari akamsikia mpiga deki akiwaambia wageni, kwa Kiingereza kisicho na doa, kwamba wangefanya hisani kubwa kama wangesubiri sakafu ikauke. Akamjaribu kama mkalimani kwa wiki moja. Wiki ya pili akampa koti jeupe.

Ntinyari alilileta lile koti darasani, limekunjwa ndani ya gazeti, nilione. Alikuwa amelipiga pasi ya makaa bila kuacha hata chembe ya jivu. Wenzake walipiga makofi. Mimi nilijifanya natafuta kifutio chini ya meza, maana machozi yalikuwa karibu. Mtoto wa watu aliyetolewa darasa la sita! Nilirudi nyumbani nikaacha chakula mezani, nimeshiba furaha.

Alhamisi iliyofuata alibaki nyuma baada ya wenzake kutoka. Aliniuliza kwa Kimeru, na sikumkumbusha sheria.

"Mwalimu, daktari akisema mtu hatapona, na yule mtu ako hapo ananiangalia, namwambia aje?"

"Maneno si unayo?"

"Maneno niko nayo. Mdomo ndio inakataa."

Nilimweleza jambo ambalo alilijua tangu utotoni. Kwetu mgonjwa hatajiwi kifo usoni. Kumtajia ni kumwitia. Aliye na habari humwita ndugu yake kando, nyuma ya zizi, akamwambia, na ndugu ndiye anayejua namna ya kuibeba. Baba yangu alipolazwa Embu, daktari alimwambia amu yangu, amu akatuambia sisi, na baba akaambiwa kwamba mvua za Oktoba zitamkuta akipanda maharagwe. Alikufa Septemba akizungumza juu ya mbegu. Nilimwambia Ntinyari kwamba huo ndio ustaarabu, na kwamba wazungu wangejifunza mengi kwetu.

"Sasa, kama sheria ya hospitali inasema ndugu asiambiwe?" akauliza. "Daktari amesema ni siri ya mgonjwa peke yake. Nikiambia mtu mwingine nafutwa."

Hapo ndipo nilipopaswa kuketi chini nifikiri. Lakini Mwirigi alikuwa ananisubiri nje anisindikize, na tumbo lilikuwa linaniuma kwa njaa. Nilimwambia, "Hiyo ni mambo yao. Wewe tumia adabu yako." Nikafunga ghala.

Yaliyotokea katika chumba nambari tatu niliyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe. Chumba kilikuwa cha watu watatu, mlango ukifungwa: daktari, mgonjwa na Ntinyari. Huko ndiko yalikosomwa majibu ya damu. Miaka ile ugonjwa ulikuwa umeshuka milima yote hii, na dawa haikuwapo. Daktari alikuwa akisema kwa Kiingereza, polepole: una virusi vya ukimwi, hakuna tiba, usilale na mkeo bila mpira, mkeo aje apimwe. Ntinyari alimtazama mtu aliye mbele yake, mwenye kofia mikononi, akaona hawezi kumuua kwa mdomo wake. Akasema kwa Kimeru: damu yako imechoka. Kula vizuri. Usibebe mizigo mizito. Siku moja mama naye aje aangaliwe.

Mgonjwa aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka. Daktari alishangaa. Mkalimani wa kwanza alikuwa akiwaliza watu hadi wanashikwa na wauguzi. "Unawaambia vizuri sana," alimwambia Ntinyari. "Hawalii." Akampa chumba hicho kiwe chake.

Angalia basi jinsi mambo yalivyokuwa. Mila ilisema usimwambie mgonjwa, mwambie ndugu yake. Hospitali ilisema usimwambie ndugu, mwambie mgonjwa. Ntinyari alitii zote mbili nusu nusu. Hakumwambia mgonjwa wala ndugu, na habari ikabaki chumbani pamoja na viti.

Mmoja wa waliotoka chumba kile wakishukuru alikuwa fundi mwashi kutoka Manyatta, karibu na Embu, jina lake Ndwiga. Alikuwa akijenga matangi ya maji hapa kwetu na kurudi kwake kila mwisho wa mwezi. Kiembu chake na Kimeru cha Ntinyari ni ndugu wa tumbo moja, walielewana bila taabu. Alipimwa Machi 1995. Nyumbani alikuwa na mke, Wawira, mwalimu wa shule ya msingi, na binti mmoja mwenye afya.

Ndwiga aliipumzisha damu yake kwa bidii. Alikula maini, akanywa uji wa wimbi, akaacha kubeba saruji begani. Akanenepa. Mwezi Agosti alipita hospitalini na mfuko wa maparachichi kutoka shambani kwake, akamkabidhi Ntinyari pale langoni kwa mikono miwili.

"Dada, ile maneno yako ilinisaidia. Damu imepumzika kabisa."

"Na mama? Alikuja kuangaliwa?"

"Aje na yeye ni mzima? Hata sai tunatafuta wa pili. Mungu akitupatia kijana tutashukuru."

Ntinyari aliyabeba yale maparachichi hadi chumba cha ndoo, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniambia kwamba hakuwahi kuyala wala kuyatupa. Yaliozea pale.

Wakati huo yule mwanamke wa Manyatta huenda bado alikuwa salama. Lilihitajika neno moja tu limfikie kabla ya mwisho wa mwezi. Ntinyari alijua hivyo. Kwenda Manyatta hakuweza, maana angeulizwa ametumwa na nani. Na Wawira, kama kadi ya mumewe ilivyoonyesha, alikuwa mwalimu, msomaji wa Kiingereza. Akaamua kumwandikia, bila jina lake chini.

Sasa wiki ile ile, kwa bahati ambayo naiita mbaya hadi leo, mimi nilikuwa nimewapa darasa zoezi la barua ya kupeleka habari mbaya. Mwirigi aliandika juu ya kahawa iliyokataliwa kiwandani. Askari aliandika juu ya uhamisho. Ntinyari alileta mistari minne. Nakumbuka kila neno, nami naitoa hapa kwa Kiswahili: Mume wako ana ukimwi. Hajui, kwa sababu aliyepaswa kumwambia hakumwambia. Usilale naye. Nenda ukapimwe, nami naomba unisamehe.

Nilichukua kalamu yangu nyekundu. Ee Mungu, ile kalamu. Niliandika pembeni: salamu ziko wapi? Nani humwandikia mke wa mtu hivi? Umeingia nyumbani kwa watu na matope. Nikampa nane kwa ishirini.

"Mwalimu, lakini inaeleweka?" aliniuliza.

"Hata ng'ombe akilia anaeleweka," nilimjibu. Darasa likacheka.

Aliandika tena. Barua ya pili ilikuwa na salamu, lakini ugonjwa ulikuwa bado umesimama katikati uchi, na nikauvika nguo: nikakata neno ukimwi, nikaandika hali ya afya. Alama kumi na mbili. Ya tatu ilikuja Jumanne, na juu yake palikuwa na anwani kamili ya shule ya Manyatta, sanduku la posta na yote. Nilisimamisha kalamu.

"Ntinyari, hii ni zoezi ama ni barua?"

Alitazama koti lake, lililokuwa limekunjwa magotini.

"Ni zoezi, Mwalimu."

Je, nilimwamini? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyosali. Nadhani nilipenda kumwamini. Ningekataa, ningelazimika kufanya kitu, na kusahihisha ilikuwa kazi rahisi zaidi. Nikampa kumi na sita, nikamwonyesha mahali pa kulainisha.

Ya nne ilikuwa nzuri. Sijui niseme nini kingine. Ilianza na heshima, ikatumaini kwamba msomaji ni mzima, ikagusia hali ya afya ya mume wake mpendwa ambayo kwa sasa ingestahili uangalizi wa karibu, ikamshauri kwa unyenyekevu atafute maoni ya kitabibu kwa wakati ambao ungemfaa, na ikamalizia kwa kumtakia baraka. Nilimpa kumi na tisa. Moja niliibana asije akavimba kichwa. Nikaisomea darasa kwa sauti, wote wakanyamaza kama walio kanisani. Ijumaa asubuhi akaitia kwenye bahasha, akaipeleka posta.

Baada ya hapo hakuuliza maswali tena. Alikuja darasani, akaandika vizuri, akaondoka. Nilifikiri amekomaa. Chumba nambari tatu kiliendelea kama kawaida, watu wakitoka na kushukuru. Walikuwa wangapi, Ntinyari anajua. Sijamwuliza, naye hajaniambia.

Ndwiga alirudi hospitalini mwanzoni mwa 1997, akiletwa na mwenzake kwenye pikipiki ya kuhani mmoja, amekonda hadi koti lake lilionekana kama la mtu mwingine. Alimwuliza Ntinyari kama damu imechoka tena. Ntinyari akamjibu ndiyo. Alifariki baada ya siku tisa. Watu hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilisikia wakisema hivyo pale mochari. Methali hiyo inamlaumu mgonjwa. Ndwiga hakuficha kitu, kila alichoambiwa alimwambia kila mtu.

Wawira alikuja kutoka Manyatta kuchukua maiti, na mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minane, Mugendi. Dakta Linda alimwita chumba nambari tatu. Mkalimani hakuhitajika, kwa hiyo Ntinyari alisimama nje ya mlango. Daktari alimwambia yule mama moja kwa moja: mume wako aliambiwa Machi 1995, kwa lugha yake, akaelewa, akaambiwa akulete. Kisha akamwomba mkono wake achukue damu, na mkono wa mtoto.

Wawira alipotoka alikuwa amejishika ukutani.

"Ni wewe ulikuwa unamwambia?"

"Ni mimi."

"Ulimwambia nini bwana yangu?"

"Nilimwambia damu imechoka." Ntinyari alikuwa tayari anavua koti. "Lakini wewe nilikuandikia. Barua, kwa shule. Mwezi wa nane."

Wawira aliikumbuka barua. Alikuwa ameipata, akaisoma, akamwuliza mumewe, na mumewe akacheka: ni watu wa hospitali, ile damu ilikuwa imechoka, sasa imepumzika. Mambo mawili laini yalikutana, yakashikana mikono. Mimba ya Mugendi ilitungwa mwezi ule ule au uliofuata.

Wiki mbili baada ya mazishi, siku ya Alhamisi, Wawira alikuja ghalani. Ntinyari alimleta, akiwa amevaa gauni lake la zamani la kupigia deki, kwa maana alikuwa amelirudisha koti na kuomba ufagio wake. Tulikuwa katikati ya somo. Wawira hakupaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mayowe, na kama angeyapiga ningeshukuru. Alivuta kiti cha Mwirigi, akaketi mbele ya meza yangu, akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mapajani. Mtoto hakulia, na mtoto wa umri ule, mbele ya wageni, hulia.

"Mwalimu, pole kwa kazi," alisema. "Wanasema wewe ndiye ulifundisha huyu."

"Ni mimi."

Akatoa karatasi kutoka ndani ya Biblia. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, na pembeni ilikuwa na alama za vidole vya watoto.

"Mimi pia ni mwalimu. Hii barua niliipenda. Watoto wa darasa la saba waliinakili kwenye madaftari, mwaka wa pili sasa, ndio wajue barua nzuri inaandikwa aje. Hata mwenye alipita vizuri huu mwaka, aliandika karibu kama hii."

Nje nilisikia mtu akisukuma mkokoteni wa maji. Ntinyari alikuwa amesimama kando ya ubao, mikono mitupu.

Wawira akainyoosha barua mezani, maandishi yakinielekea mimi. Akachukua kalamu yangu nyekundu kutoka kwenye kopo lake, akanitilia mkononi, akanifunga vidole juu yake kama tunavyowafanyia watoto wa darasa la kwanza.

"Hapa nimeambiwa wapi?" akauliza. "Nionyeshe. Chora mstari."

Nilianza juu, penye salamu. Nilipitisha ncha ya kalamu, bila kuchora, chini ya kila neno, sentensi kwa sentensi, hadi penye baraka za mwisho. Nikarudi juu, nikaanza tena.